Uzito Mkavu

Jumapili, Jumanne, Alhamisi,
saa moja asubuhi, kabla jua la Ibra halijaanza kuuma,
mama analala kitanda cha nne, kando ya dirisha la vumbi.
Leo, kabla ya sindano, kuna kipimo kingine.

Sista Jincy amekuja na kijisanduku chenye nyaya nne.
"Mama, vua bangili," asema kwa Kiarabu cha Kerala.
Mama anamjibu kwa Kiarabu cha Bujumbura.
Wanaelewana kunishinda mimi niliyekisoma shule.

Bangili zinatoka mojamoja, kwa sabuni.
Pete haitoki. Vidole vimeumuka
kama unga wa maandazi uliosahauliwa jikoni.
Nambonyeza kifundo cha mguu; shimo linabaki,
shimo la kuweza kulaza kunde,
na halina haraka ya kujaa.

Vibandiko viwili mkononi, viwili mguuni.
"Umeme mdogo tu utapita, hutausikia."
"Umeme?" ananiuliza kwa Kiswahili,
lugha yetu ya jikoni na ya kuogopea.
Anafumba macho, midomo inacheza na Ayatul Kursi,
na umeme unapita katikati ya aya
bila kuomba njia.

Dakika mbili. Mashine inalia kama kifaranga.
Karatasi inatoka na mama yangu juu yake, amechambuliwa:
mafuta, kilo ishirini;
misuli na mifupa, thelathini na moja na nusu, pungufu;
maji yasiyo na kazi, lita tatu nukta mbili.
Daktari Marhun anazungushia wino mwekundu.
"Uzito wake mkavu ni hamsini na moja na nusu."

Mkavu.
Nikaziona ndimu za sokoni, zile nyeusi,
nyepesi kiganjani, zinazochakarika ukizitikisa.

"Misuli pungufu, mafuta yapo?" mama anauliza.
"Basi nipikeni sabuni."
Wodi nzima ikacheka, hata kitanda cha saba
ambacho hakijacheka tangu Shaabani.
Mimi nilikuwa nakunja karatasi,
nakunja, nakunja, mpaka ikakataa.

Babu alikuwa na duka Buyenzi.
Mizani ya sahani mbili, mawe ya chuma,
na gumba lake likikaa mbali, juu ya meza, watu walione.
Sukari ikilingana na jiwe, mshale ukasimama wima,
alichota tena kwa vidole vitatu
akamwaga juu, mshale ukalala.
"Matabishi," alisema. Hakueleza.
Mama alikuwa na miaka sita, kazi yake kushika mfuko wazi.

Sasa yeye ndiye yuko sahanini.
"Daktari, mnanitoa ngapi?"
"Tatu nukta mbili, mama."
"Toa tatu. Hiyo nukta mbili niachie."
"Ya nini?"
"Vifinjani vinne vya kahawa. Alasiri anakuja Raya na mumewe,
nisiwatazame wao tu wakinywa."

Sista akamtazama daktari.
Daktari akatazama karatasi, akatazama shinikizo la damu,
akatazama, nadhani, mama yake mwenyewe mahali fulani.
"Leo tu," akasema. "Na tende moja, siyo tatu."

Damu ikatoka nyeusi, ikarudi nyeusi vilevile.
Nilitarajia tofauti, sijui kwa nini.
Nilikaa na bangili zake mfukoni,
kila nikijigeuza zikinisema.

Saa tano kasorobo pete ikazunguka kidoleni yenyewe.
Saa tano na ushee tukampandisha kwenye mizani, mimi kushoto,
Sista kulia, mikono yetu hewani, karibu yake, bila kumgusa,
maana mkono wa mtu una uzito wake.

Hamsini na moja nukta saba.

Mama akainama, akazisoma tarakimu mwenyewe, bila miwani.
"Hiyo ya juu," akamwambia Sista, kwa Kiswahili,
kana kwamba Kerala nako kulikuwa na duka letu,
"hiyo ni matabishi."