Behewa la Ganda

Malindi haina reli. Haijawahi kuwa nayo.
Lakini nyuma ya jiko letu, Ganda,
limekaa behewa lisilo na gurudumu
juu ya mawe manne ya matumbawe.
Lilichongwa Ulaya, malkia mjane akiwa hai.

Nakwangua rangi kwa kisu cha mkate:
kijani, chini yake hudhurungi,
chini kabisa wekundu mkavu kama ukoko,
na tarakimu, kila mlango na yake.
Paa moja, nauli tatu.

Daraja la kwanza lilikuwa na mito ya ngozi
iliyoshindiliwa singa za farasi.
La pili, henzerani.
La tatu, ubao, na msumari uliochomoza
ambao babu Thoya aliujua kwa paja.

Hamali wa Mombasa, miaka kumi na tisa
alipandisha masanduku ya wenyewe mlango wa kwanza,
akashuka, akazunguka, akaingia wa tatu.
Lilipochakaa akalinunua mnadani
kwa bei ya mbuzi wawili na deni.
Likaja juu ya lori la pamba.

Siku hiyo milango yote ikawa yake.
Kuku akawapa la kwanza.
Mahindi, la pili.
Mwenyewe akatandika mkeka kwenye ubao,
upande uleule.
Bibi Kadzo alimcheka mpaka akakohoa.
"Nimezoea," basi.

Mchwa walikuja baadaye. Hawakuulizwa tiketi.
Kiambaza kimoja wamekimaliza, cha pili wanakitafuna,
na kuku mweusi, kishingo,
anatagia pale babu alipolaza kichwa.

Msumari bado upo. Nimeugusa.