Penseli ya Mama Akelo

Stima imekatika Kondele katikati ya kichwa cha Okeyo:
kushoto kumenyolewa, kulia bado msitu.
Mashine imekufa mkononi mwa Jabuya kinyozi,
runinga nayo imezimika mpira ukiwa hewani,
na hakuna ajuaye kama uliingia au uligonga chuma.

Basi wakaanza kupanga.

Nani wa kwanza, tangu mpira wa kikapu ujazwe upepo?
Huyu ana pete sita; akipaa, haulizi atatua lini.
Yule ana pointi elfu arobaini, na uzee haujui anapoishi.
Jabuya akamtetea wa kale, mwenye pete kumi na moja
na vidole kumi.
"Enzi zake alikuwa akikabwa na makarani wa posta!"
akafoka Okeyo, nusu msitu, nusu mwezi.
"Na wewe hata kamba shuleni hukuiruka."

Jabuya akachovya kidole kwenye sabuni,
akaandika juu ya kioo, moja hadi kumi,
na nyuma ya kila namba ikachungulia sura ya mmoja wetu.

Mimi niko kwenye benchi, nimemleta mjukuu.
Aliyekaa meza ya waamuzi miaka kumi na tisa
hazoei kusema.
Huzoea kuchonga penseli.

"Mama Akelo, wewe uliandika ligi. Hebu tupangie."

Nikasema: hao wenu waliandikwa na wengine.
Mimi nina wangu, wa uwanja wa saruji nyuma ya kiwanda cha pamba,
pale upepo wa ziwa ulipokuwa mchezaji wa sita
na kila alasiri ukiwachezea wenyeji.
Zamu ikiisha saa nane wanavua ovaroli, wanavaa namba.
Walilipwa pia, msicheke:
shilingi hamsini kwa mechi, na soda,
na chupa unarudisha.

Wa tatu, Nyabola,
goti kalifunga kwa tyubu ya baiskeli;
mpira uliokosa kikapu ulijua pa kwenda.
Wa pili, Wekulo wa Mumias. Alitoa pasi bila kutazama,
tukapiga makofi, tukaita ufundi,
kumbe jicho la kulia halikuona kitu.
Wa kwanza, Silvano Otuoma, kumi na nne mgongoni…

Hapo sauti ikanikwama
kama mpira kati ya ubao na chuma.

Mechi na Eldoret, mwaka ule wa mvua nyingi.
Zimebaki sekunde nne, mikono minane chini ya kikapu.
Aliyeugusa mwisho ni Nyabola. Niliona.
Penseli ikaandika kumi na nne.
Pointi mbili tu.
Kwa hizo mbili Otuoma akawa mfungaji bora wa mwaka,
akaitwa Mombasa kwa barua yenye muhuri,
akapanda gari moshi la usiku, hata hakugeuka.
Nyabola akabaki kubeba marobota
mpaka siku kiwanda kilipofungwa na kutu ikahamia ndani.

Kwa nini? Otuoma alikuwa na namna yake
ya kuinama kukaza kamba za viatu
karibu na meza yangu.
Kamba zenyewe hazikuwa zimelegea.

Kimya. Okeyo anapapasa upande wake wa msitu.
Mjukuu wangu, miaka tisa, ananyoosha kidole kiooni:
"Dani, na hawa wa pete, nani aliwaandikia?"
Jabuya anatafuta taulo ambalo liko begani mwake.

Nilisimama nimwandike Nyabola juu ya wote.
Nikachovya kidole. Kikatetemeka.
Nikakipangusa kwenye leso.

Kisha stima ikarudi. Mashine ikanguruma,
runinga ikaonyesha tangazo la unga.
Mechi imekwisha; mshindi hatukumjua.
Na kiooni sabuni imeanza kuteremka:
wa kwanza ameshamfikia wa nne,
na wa saba ananing'inia puani mwa Okeyo.