Kamera ya Lifti

Kazi yangu ni lifti. Novemba, Daegu,
jengo la ghorofa kumi na tisa,
nakagua kamera ya dari, narudisha picha nyuma,
nikamwona mtu akiingia na sanduku la spana,
utosi wake mweupe kama kisahani.
Nikasema: maskini, na bado kijana.
Akainama kufunga kiatu.
Kiatu kilikuwa changu.

Kioo ni rafiki wa usoni.
Utosi hauna shahidi.

Nikapanda treni hadi Seoul, mtaa wa Jongno,
ambako maduka ya dawa yamepangana bega kwa bega
na wanaume wenye kofia hupanga foleni bila kutazamana,
kama watu waliokwenda kukopa.
Bi Noh, mfamasia, alisoma cheti changu, hakuinua macho.
"Hiki cha nywele ni ghali. Hiki cha tezi ya wazee
ni dawa ile ile, nguvu mara tano.
Wenzako hukikata vipande vinne. Mimi sijasema."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya samaki:
wengi hawadhuriki.
Wachache, hamu ya kitandani hupungua.
Wachache zaidi, moyo huingia giza.
Na nywele zikirudi, zimerudi kwa mkopo,
siku ukiacha kumeza zinafuata njia yao.
"Nyumbani kuna mjamzito?"
Nikameza mate. "Yupo."
"Basi asiguse kilichovunjika. Mtoto akiwa wa kiume,
huenda vumbi lile likamharibia maumbile."

Migyong ana miezi mitano.
Alipolala nikatandaza gazeti jikoni,
nikaweka kidonge, cha bluu, kidogo kama punje ya choroko.
Nikaweka kisu.
Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili.
Kuhusu robo hawakusema kitu.

Nikapima. Upande huu: kile kisahani,
arusi ya dada yangu mwezi Mei na mpiga picha wake mrefu,
na marehemu baba, aliyevaa kofia hata hospitalini
mpaka muuguzi akamvua, akiwa hana tena la kusema.
Upande ule: chembe moja
inapanda hewani, inatua kwenye kikombe cha mke wangu.

Ipo ya kupaka, povu. Nilipaka siku nne.
Lakini Dubu, paka wetu, hulala kwenye mto wangu,
alfajiri hunilamba paji la uso,
na daktari wa mifugo akaniambia kwenye simu:
alambe kidogo tu, anaweza kufa.
Dawa gani hii ya kichwa,
kila kinachonipenda kitakiwe kukaa mbali?

Kupandikiza? Kangsik, mwenzangu wa zamu, alipandikiza Busan
kwa bei ya gari kuukuu, akalala ameketi wiki nzima.
Alipendeza, sikatai. Miaka sita baadaye
safu ya mbele imesimama peke yake,
uzio uliobaki baada ya shamba kuuzwa.

Saa nane ya usiku Migyong akanikuta mezani.
Hakucheka. Alisimama mlangoni, mkono tumboni.
"Unataka nikwambie unapendeza? Sisemi.
Nikisema, utanidai mimi siku utakapochukia kioo.
Ukitaka kumeza, meza. Nunua kizima, cha ghali.
Kisu hicho ni cha vitunguu."

Kidonge nikakirudisha chupani.
Kisu nikakiosha mara mbili, kisha mara ya tatu.
Gazeti nikalitia mfukoni, mfuko ndani ya mfuko.

Leo nimerudi jengo lile.
Nimepiga hesabu ya kidonge kizima kwa mwaka:
ni kitanda cha mtoto, pamoja na godoro.
Sijaamua.
Lifti ikaanza kupanda. Ghorofa ya saba nikavua kofia,
nikainua macho moja kwa moja kwenye kamera,
ili atakayerudisha picha nyuma
aanze na uso.