Unyevu

Miaka kumi na tisa nilipima korosho za watu
kwenye ghala la ushirika, Kitangari.
Nilizamisha mkono guniani hadi kiwiko,
nikatoa korosho moja, nikaitikisa sikioni:
kavu hugonga ganda, mbichi hunyamaza.
Aliyelinyunyizia gunia maji usiku
nilimjua kwa urefu wa salamu zake.
“Rudi ukaanike, bwana,” nikamwambia.
“Mimi siandiki maji kwenye stakabadhi.”

Leo Jumanne, Mtwara, saa moja kasorobo asubuhi,
navua viatu, navua kofia, navua saa,
na mizani napanda mwenyewe.
Sabini na nne na nusu.
Uzito wangu mkavu, sabini na moja.
Nesi Yustina anaandika, hasemi,
nami nausikia ulimi wangu unavyorefusha:
habari za nyumbani, na wale pacha,
na mvua je, huko Chuno?

Mashine haina fitina. Huvuta kile nilichoweka.
Kilo tatu na nusu kwa saa nne:
kigimbi kinakaza kama kamba ya ndoo,
dari inakwenda mbali, inarudi,
na Mzee Nang'olo wa kitanda cha pili ananitazama
kama mtu anayehesabu.

Mshauri anaitwa Lukia Mchopa,
rika la binti yangu wa mwisho.
Nilidhani ataniletea hotuba:
chumvi acha, ng'onda acha, maji kidogo, baba.
Hiyo naijua, ninayo ukutani kwa rangi mbili.
Yeye akauliza:
“Umefunga Ramadhani ngapi?”
Arobaini na ushei, nikamwambia,
nyingine juani, nikipalilia.
“Na kiu ya siku zile?”

Nilikaa kimya. Feni ikazunguka.
Ile ilikuwa na magharibi, nikasema.
Hii haina mwadhini.

Hakunipoza. Aliliandika neno kama lilivyo,
akanipa daftari la shule,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma.
Kila ukinywa, andika saa.
Andika na kilichotangulia.

Saa kumi jioni, bilauri nzima. Kabla yake: Shaweji amepiga simu,
anauliza mikorosho ya Mnyambe iandikwe jina la nani.
Saa tano asubuhi, nusu. Kabla yake: ng'onda. Kosa langu.
Saa nane usiku, kikombe, kisha kikombe. Kabla yake: hakuna.

Bi Lukia akaweka kidole juu ya “hakuna”,
hakukiondoa.

Kabla yake nilimsikia jirani akikojoa uani,
kwa nguvu, kwa muda mrefu, huku anapiga mluzi.
Mimi tangu mwezi wa tano sina hata tone.
Nilikunywa ili nione kama mwili utanikumbuka.

Somoe sijawahi kumwambia hilo.
Nililisema mbele ya mtoto wa watu,
macho yakanitoka maji,
ndiyo maji pekee siku hiyo
yaliyotoka bila mashine.

Tumepatana hivi: kikombe cha kahawa kwa kila adhana,
vitano, basi.
Katikati nasukutua kwa ndimu, natema,
na kiu ikija nje ya zamu
naihoji kama nilivyowahoji wakulima:
wewe umetoka shamba la nani?
Mara nyingine hujibu, kinywani tu.
Mara nyingine hujitaja kwa jina la Shaweji.
Mara nyingine hainijibu, nami nakunywa.

Ijumaa: sabini na mbili na gramu mia nane.
Yustina kaandika.
Gunia hili bado bichi, nalijua,
lakini salamu yangu ilikuwa fupi.