Gramu Mia Nane

Eilert ameilaza mitutu miwili juu ya kaunta,
juu ya gazeti la juzi, kama samaki wa kuuza.
Mmoja mnene, mkaidi kama mtaimbo.
Wa pili mwembamba, fimbo ya mchunga kondoo.
"Chagua, Gunnvor. Theluji haikungoji."

Wasemao mchagua nazi hupata koroma
hawajafika Norwe. Huku hakuna mnazi hata mmoja,
ila koroma tunazijua.

Naipima kwa mizani yake ya trauti.
Tofauti, gramu mia nane:
mkate wa shayiri na siagi yake.
"Hizo tu!" acheka Eilert.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Yeye hushinda kando ya jiko,
mitutu yake hubebwa na ukuta.

Mimi nina goti linalolia kama bawaba.
Toka kibandani hadi malisho ya kulungu wa barafu
ni mwendo wa saa saba, mawe matupu,
na ifikapo saa ya sita
kila gramu hukuita kwa jina la ubatizo.

Mwembamba, basi.
Mkono ulikwisha zama mfukoni kutafuta pesa.

Kisha nikaukumbuka mwaka ule wa ukungu,
na bunduki nyepesi niliyoazima kwa shemeji yangu Torleif.
Nilifika juu sijachoka, naringa.
Nikalala kifudifudi juu ya jiwe.
Moyo ukadunda, mtutu ukadunda nao;
upepo ukaishika ncha, ukaitikisa kama bua.
Risasi ya kwanza ilivunja taya.
Ya pili, ya tatu, chuma kimeshapata moto,
zikaenda zilikotaka zenyewe.
Siku mbili nilifuata damu:
tone, kisha weupe mtupu, kisha tone.
Nilipomkuta alikuwa amesimama, ananitazama,
ulimi nje,
hawezi kula, hawezi kufa.

Hilo halipimwi kwa mizani ya trauti.

Mnene hauna maringo. Ukiuegemeza juu ya begi
hutulia kama ng'ombe aliyeshiba.
Moyo wangu upige utakavyo,
wenyewe hausikii.

"Huu," namwambia. "Lakini ukate hapa,"
kidole changu shubiri moja kutoka mdomoni.
Eilert akunja uso: risasi itapungua kasi.
Ipungue. Mimi hutambaa hadi nimsikie akitafuna.
Naye asaga meno, achukua msumeno,
na kipande kilichodondoka
anakitumia hadi leo kuzuia mlango.

Zilibaki gramu mia tano na kitu.
Nilimwaga begi mezani, nikaitoa chupa ya kahawa,
ile ya bati, yenye kibonyeo,
iliyopanda nami vuli ishirini na mbili.

Sasa nakunywa maji ya kijito.
Meno yaniuma hadi masikioni.
Mbele, mawe mawili yameinua vichwa,
na moja lina pembe.