Washenga Wawili

Mkopo ni posa, nilimwambia Daktari Kyaruzi,
na posa haijipeleki.
Ikifika shuleni kwa mtoto,
tuulize imepita kwa nani.

Yeye alikuwa na ndege ya Dodoma saa kumi na moja
na muhtasari wa kurasa mbili.
"Jumla ni ngapi?"
Nukta sifuri mbili.
"Basi andika: mkopo haukuleta badiliko."
Akafunga begi. Harufu ya kahawa yake ikabaki kitini.

Ghorofa ya tatu, Mikocheni. Jenereta la jirani linakohoa.
Nimebaki na kaya mia sita na kumi na mbili za Tandale,
kila moja mstari wake,
nikachora vishale upya.

Mshenga wa kwanza ni kipato cha mama.
Mtaji unakua, sare inanunuliwa,
na daftari, na mafuta ya taa kwa asiye na umeme.
Nukta tatu moja, chanya.

Wa pili ni saa za mama nje ya nyumba.
Mtaji unakua, kwa hiyo kabla ya adhana
yuko Ilala anagombea matenga ya nyanya,
na kichanga lazima kibebwe na mtu.
Nukta mbili tisa, hasi.

Niliwahoji pamoja, ndani ya modeli moja,
maana ukimhoji mmoja peke yake
atajibu na ya mwenzake.

Mmoja anasukuma mkokoteni,
mwingine ameuning'inia kwa nyuma,
na mpita njia anasema: huu umeegeshwa.

Kisha nikachota kaya, nikairudisha, nikachota tena,
sampuli elfu tano,
kama mpishi asiyeuamini ulimi wake.
Masafa ya wa kwanza hayakugusa sifuri.
Ya wa pili hayakugusa sifuri.
Jumla tu ndiyo iliyoikalia,
imetulia, kama haijui kitu.

Mstari wa 347 niliujaza mwenyewe.
Mama: Mwajabu Rehani, hayupo.
Aliyejibu: Sikudhani, miaka kumi na mmoja,
mdogo wake mgongoni, amelowa mate kwenye shingo ya dada.
Siku alizokosa shule muhula huu: thelathini na nane.
Alizihesabu bila kusita.
Juu ya kabati palikuwa na viatu vyeusi,
karatasi bado imesokotwa ndani.
Aliona ninavitazama.
"Kiatu ninacho, dada.
Siku ya kukivaa ndiyo sina."

Chanya na hasi, katika sentensi moja,
wala hakuwa na kompyuta.

Udhaifu wangu naujua.
Yote niliyauliza asubuhi moja,
na kishale hakiapi kilikotoka.
Tena pengine yuko mshenga wa tatu
ambaye sikumwandikia swali:
yule aliyekuwa amelala chumba cha ndani
saa nne ile ya mchana, redio ikilia,
nami nikaandika tu, "watu wazima waliopo: 1,"
nikaenda nyumba ya pili.

Nimefuta "haukuleta badiliko."
Nimempigia Daktari; simu imezimwa, yuko hewani.
Kishale cha mkopo kwenda shule, kile cha moja kwa moja,
nimekiacha na nukta nukta.
Kesho narudi Tandale na fomu mpya,
swali moja zaidi,
na ikibidi, nitambeba mtoto mimi
wakati Sikudhani anajibu.