Bwana Kijiti

Kilimani, kwenye Nyaraka, kalamu ya wino ni marufuku.
Nimepewa penseli fupi kama kidole gumba
na faili la kamba nyekundu linalonuka mende.
Ndani, kazi nzima ya mtu: kurasa tatu
na karatasi moja ya manoti, imeliwa ukingoni.

Teofili Garanje. Mpiga fidla, kisha mwongoza okestra ya opera.
Miaka kumi na tisa: fidla, kiti cha nne, Bodo.
Ishirini na sita: kiti cha kwanza.
Thelathini na moja anakabidhiwa kijiti, Marsei;
watu sitini wanavuta pumzi akiinua mkono.
Gazeti moja linasema "barabara",
jingine linasema "anaharakisha".
Kisha ukumbi unaungua. Kisha Burboni. Kisha Morisi,
ambako homa ilimchukua mwimbaji wake wa kike
na meneja akachukua sanduku la fedha,
wala haijaandikwa kipi kilimuuma zaidi.
Mstari wa mwisho, kwa mwandiko mwingine: Zanzibar.
Halafu nukta.

Nukta hiyo ndiyo iliyonileta hapa.
Kwetu Vikokotoni nukta hiyo ilikuwa na miguu,
ilikuwa na deni la mkate wa mofa,
ikaja kubisha hodi kwa babu wa babu yangu,
Ngwali bin Vuai, seremala,
imebeba fidla iliyopasuka tumbo.

Ngwali hakuwahi kuona chombo kile.
Alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, akakinusa.
"Huyu ana baridi yabisi," alisema, akabandika gundi motoni.
Nyuzi zilipokatika, akasokota utumbo wa mbuzi wa Idi.
Singa za uta zilipokwisha
akamwendea usiku punda mweupe wa Maskati
wa tajiri mmoja wa Shangani,
na asubuhi punda yule hakutaka kutoka bandani.
Ulimbo wa Ulaya ulipomalizika, wakasaga sandarusi,
ile ile iliyokuwa ikipakiwa melini
ikang'arishe meza za huko kwao.

Malipo hayakuwapo. Alipewa tari, akawekwa nyuma.
Na mji ukampa mgeni jina, Bwana Kijiti,
kwani alisimama mbele ya watu wanne,
Wagoa wawili wa fidla, Mparsi wa klarineti, na Ngwali,
akawaongoza kama sitini.
Watoto dirishani wakaangua kicheko:
hapigi kitu, na kulowa jasho kalowa yeye!

Opera ilipigwa usiku mmoja,
uani kwa mfanyabiashara wa karafuu.
Tendo la kwanza tu.
La pili na la tatu mchwa walikuwa wameshayasoma.
Mwimbaji hakuwapo; fidla ilishika nafasi yake.
Mwanamke anasimama dirishani, barua mkononi,
anavunja lakiri,
na hapo Bwana Kijiti akateremsha mkono,
akawainamia wageni, akaenda kutafuta maji.

Bibi Mwanakheri aliisoma barua ile kila Ramadhani
na kila mwaka ilisema lingine:
mara talaka, mara urithi wa minazi Makunduchi.
Mwaka wa njaa ilikuwa orodha ya vitu vya dukani,
akaisoma yote, hadi samli.

Na kuna neno.
Uji ukitaka kufurika, mtoto akikimbia na kibatari,
msusi akivuta nywele kwa hasira zake:
"Dusma, wee. Dusma."
Nilidhani ni Kiswahili cha kale, kila nyumba wanalo.
Nililitia kwenye insha; mwalimu akalizungushia wino mwekundu:
Neno gani hili?

Leo, juu ya mstari wa tari, mwandiko wake mwenyewe:
herufi tisa, nusu yake hazitamkwi,
zimepigiwa mstari mara mbili, ya pili imetoboa karatasi.
Nikamwonyesha mhifadhi, aliyewahi kusoma Kifaransa.
Akalitamka bila kuinua kichwa,
kwa sauti ya mama yangu.
"Kwa upole," akasema. "Huyo mpiga tari alikuwa na mkono mzito."

Saa nane wakafunga.
Nyumbani nimemweleza mama yote,
Bodo, Marsei, mchwa, punda.
Akapunguza moto chini ya chungu.
"Haya. Na barua ilisema nini?"